Kitabu Kisicho na Mfalme

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alijifunza sataranji akiwa amelazwa wodi ya kifua kikuu. Jirani yake kitandani, fundi saa, alichora ubao juu ya boksi la dawa, vifuniko vya chupa vikawa kete. Mwezi wa nne fundi saa akafa. Shemeji akatoka na pafu moja bovu na ule ubao.

Alikuwa karani wa stoo ya reli. Miaka minane baadaye akawa bingwa wa nchi nzima, na ubingwa huo akaushika mara tano. Msidhani palikuwa na raha yoyote. Ubingwa wenyewe ulikuwa cheti, kikombe cha bati na kupeana mkono na ofisa aliyekuwa akitazama saa yake. Mara moja tu alipelekwa nje, akatoka sare na mtu ambaye kwao sura yake haikosekani magazetini. Aliporudi alikuta mezani barua ya onyo kwa utoro kazini. Dada aliichukua akaikunja, akaiweka chini ya mguu wa kabati lililokuwa likiyumba. "Angalau hii itafanya kazi," alisema. Kile cheti hakikupata hata kazi hiyo.

Gazeti likampa safu ya kila Jumamosi, akaiandika miaka ishirini na miwili. Lugha ya mapambo hakuwa nayo. Aliandika kwamba mchezaji mwoga hushindwa polepole, mwenye kiburi hushindwa haraka, na wote wawili hulaumu taa.

Alipofika sitini daktari akamwambia ana presha ya macho. Amebakiwa na mwaka wa kuona, pengine usifike. Mezani kwake alikuwa na mswada wa kurasa mia na arobaini, michezo yake yote bora na maelezo yake. Akasema anataka jambo moja tu kabla ya giza: akisome kitabu hicho kikiwa kimechapwa, kwa macho yake, ahakikishe kila hatua iko sawa. Hatua moja ikikosewa, alisema, mchezo mzima ni uongo.

Mwenye mashine ya kuchapa ni mimi. Nilimwambia nitakipenyeza kitabu katikati ya kazi mbili, lakini habari ya yeye kukagua kurasa kabla hazijachapwa asahau, maana mabango ya uchaguzi yalikuwa njiani. Akabisha. Nikamwambia, "Shemeji, wewe unajua kusukuma kete, mimi najua kusukuma karatasi." Akakubali. Mchapaji mwingine hakuwa naye, nami nililijua hilo tangu alipobisha hodi.

Kosa lenyewe lilikuja hivi. Katika kuandika hatua za sataranji kila kete hupewa kifupisho, halafu namba ya nyumba, yaani mraba wa ubao, inapokwenda. Sasa mfalme na malkia wote wanaanza na M. Shemeji akampa malkia M, mfalme akampa Mf. Mpangaji wangu wa herufi, mzee makini asiyejua sataranji hata ya kubahatisha, alikuwa na amri niliyomwekea mwenyewe baada ya walimu kunisumbua kuhusu vitabu vyao: vifupisho vyote viandikwe kwa kirefu. Na kila aliyekanyaga darasa anajua mf. maana yake nini.

Siku ya kukabidhiwa, shemeji alikaa ofisini kwangu na kioo cha kukuzia mkononi, akafungua mchezo wa kwanza, akasoma kwa sauti. "Nyeupe, kwa mfano g1. Nyeusi, kwa mfano g8." Akafunua ukurasa. "Kwa mfano h2." Akaendelea kufunua hadi jalada la nyuma.

"Shemeji," akasema, "umenichapia kitabu kisicho na mfalme."

Alitaka vyote vichomwe, vichapwe upya upesi. Herufi zetu ni za madini ya risasi, hupangwa mojamoja kwa mkono. Ukurasa ukishapangwa hufungwa kwa uzi, na herufi zikihitajika kwingine uzi hufunguliwa, ukurasa ukavunjwa. Nikamwambia kurasa zake zimefungwa salama, ni kubadili neno mojamoja tu, tungoje uchaguzi upite. Ukweli ni kwamba zilivunjwa asubuhi ileile. Herufi zake zilikwishaanza kuwaahidi watu maji na barabara.

Nakala chache zilikuwa zimefika kilabu cha sataranji. Kuanzia hapo akiingia mlangoni utasikia, "Kwa Mfano huyo amefika," na mwingine, "Kwa mfano, leo chai ni ya nani?" Watu aliowafundisha yeye hao. Jina likamganda.

Kila Jumatatu alikuja kuniuliza, na kila Jumatatu nilimwambia wiki ijayo. Kwanza alianza kugonga vikombe. Kisha akawa anaweka kete katikati ya nyumba mbili. Mshindi wa uchaguzi alipoapishwa, shemeji alikuwa akitembea kwa kushika ukuta.

Mara ya mwisho aliletwa na dada. Akasema kuona haoni tena, lakini risasi inapapasika. Nimpe ukurasa wa ule mchezo aliotoka sare nje ya nchi. Dada alikuwa mlangoni akisalimiana na mpangaji wa herufi. Nikavuta ukurasa uliokuwa umefungwa, wa jarida la afya, nikauweka mbele yake.

Hakuhangaika na maneno. Vidole vilikwenda moja kwa moja kwenye kona ya juu, ambapo kila ukurasa wake ulikuwa na picha ya ubao. Pale palikuwa na mistari ya herufi tu.

"Ubao uko wapi?"

"Umetolewa, unasafishwa."

Halafu akatoa leso, akafuta wino kidole kimoja kimoja, akapaza sauti kidogo ili mkewe asikie. "Kurasa ziko salama. Wanasafisha ubao tu."

Jumatatu iliyofuata hakuja. Gazetini akaacha kuandika bila kuaga, na kabla mwaka haujaisha lile pafu bovu likamchukua.

Tulipotoka kuzika, dada alinisogelea, viatu vimejaa udongo. "Mdogo wangu, ule ubao bado hawajamaliza kuusafisha?"

Nikamwambia umebaki kidogo.