Kopo la Meno ya Bibi

Nilikuwa mtoto wa miaka tisa nilipomwibia bibi yangu jino. Naanza na hilo moja kwa moja, maana nimelizunguka kwa zaidi ya miaka arobaini. Kila nikijaribu kulisimulia, najikuta nimeishia kwenye habari za michungwa yetu na mvua za milimani, na wasikilizaji wananiaga wakisema nilikuwa na utoto mzuri.

Bibi Paskalia, mama yake baba, ndiye aliyenilea huko kwenye vilima vya Umatumbi, bara ya Kilwa. Sisi tulikuwa Wakatoliki, na jirani zetu wa ukuta kwa ukuta, kina Somoe, walikuwa Waislamu. Krismasi walikula kwetu, Idi tukala kwao. Somoe alinizidi mwaka mmoja tu, lakini kwa jinsi alivyojua mambo ungedhani alinizaa.

Bibi alikuwa na kopo dogo la bati lililowahi kuwa na majani ya chai. Ndani yake, kwenye kitambaa cheupe, aliweka meno yake yote yaliyong'oka. Yalikuwa ishirini na sita. Mdomoni alikuwa amebakiwa na matano, na moja alilimeza na mahindi ya kuchoma alipokuwa msichana. Ukimwuliza juu ya hilo alikuwa akicheka: hilo halijapotea, limetangulia.

Wazee wake walimfundisha kwamba kitu kilichotoka mwilini hakitupwi ovyo, iwe kucha, nywele au jino, kwa sababu kikiokotwa na mwenye nia mbaya umekwisha. Kisha akabatizwa, akafundishwa sala ya Nasadiki, na alipofika kwenye ufufuko wa miili akaona kwamba Kanisa nalo linasema yale yale. Kwake mambo hayo mawili yalikuwa kitu kimoja. Siku ya mwisho angeitwa, naye hakutaka kuanza kuhangaika kutafuta meno wakati wenzake wanapanga mstari.

Katekista wetu, Mwalimu Kosmasi, alijaribu kumwelewesha. Alimwambia Mungu aliyemfinyanga Adamu kwa udongo hashindwi na gego. Bibi alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Hawezi kushindwa, Mwalimu," akasema. "Ila mimi nitaona haya. Mwili huu si wangu, nimepewa niutunze. Nitarudije kwa mwenyewe nimeutawanya njia nzima?"

Mwalimu Kosmasi alikunywa chai yake akaenda zake. Sikumbuki kama alilirudia tena somo hilo.

Kila mwaka, mchana wa kuamkia Siku ya Marehemu Wote, Bibi alitandika kanga kwenye mkeka akaniita tuhesabu. Macho yake yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho, kwa hiyo mimi nilihesabu kwa sauti na yeye alipitisha kila jino kwenye vidole vyake kabla ya kulirudisha. Nilipenda kazi ile. Siku hizo aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike, na jina langu la Agripina lilibaki kwa siku za makosa.

Basi mwaka huo jino langu la mbele liling'oka, na mimi nikafanya ujinga wa kucheka nikiwa nimesimama chini ya dari la jiko. Somoe akanionyesha mjusi ametulia kwenye boriti, ananitazama. Kila mtoto wa kwetu alijua maana yake: mjusi akikuona pengo, jino halioti. Na kweli halikuota. Miezi ikapita, wenzangu wakaanza kuniita kibogoyo, na Komunyo ya Kwanza ilikuwa inakaribia. Mpiga picha angekuja kutoka Kilwa Masoko. Nililala na kuamka na pengo lile.

Somoe alilifikiria suala langu siku mbili, kisha akaniletea jibu. Alisema jino langu la utoto nililolirusha paani lilikuwa dogo na bovu, mjusi amelidharau. Nimpe lingine la maana. Hakusema nilitoe wapi. Alitazama tu upande wa chumba cha Bibi.

Ningependa kusema nilisita sana. Sikusita sana. Bibi alikuwa kwenye sala za Jumuiya, kopo lilikuwa chini ya kitanda, nami nikachagua gego kubwa kuliko yote, nikalirusha juu ya paa la nyasi la jiko na kusema maneno yale ya watoto: mjusi, chukua hili, nipe jipya. Yalipita majuma matatu nikaamka nimekwaruzwa ulimi na kitu chenye ncha.

Furaha ilidumu asubuhi moja. Katika picha ya Komunyo ya Kwanza nimefumba mdomo kabisa, na shangazi yangu mpaka leo anashangaa kwa nini, mtoto aliyelililia jino vile.

Unajua kitu kinachomtisha mtoto? Si kwamba imani ya wakubwa ni uongo, bali kwamba ni kweli. Kama mjusi alikuwa kweli, basi na yale mengine yote yalikuwa kweli, na Bibi yangu angefufuka na pengo nililomtia mimi. Nilipanda juu ya jiko kulitafuta lile gego. Nilichelewa. Kiangazi hicho baba mdogo alikuwa ameezeka upya, na nyasi kuukuu zilikuwa zimechomwa shambani.

Siku ya kuhesabu ilipokaribia nikafanya jambo la pili, ambalo naona ni baya kuliko la kwanza. Idi ya kuchinja ilikuwa imepita majuma machache, na nyuma ya nyumba ya kina Somoe kulikuwa na kichwa cha mbuzi kilichobaki mifupa. Nikachomoa gego, nikalisugua kwa majivu mpaka likang'aa, nikalitia kwenye kopo.

Mchana ule nilihesabu kwa sauti ya juu kuliko kawaida. Vidole vya Bibi vilipofika kwenye lile jino vikasimama. Akaligeuza, akalipapasa upande wa juu, akaligeuza tena. Nikasema hilo ni la kumi na nane, Bibi. Akalirudisha, tukaendelea mpaka ishirini na sita. Hakuniita mke mwenzangu siku hiyo, na usiku sala yake ilikuwa ndefu.

Kwaresima iliyofuata akaugua kifua. Nyumba ikajaa shangazi na majirani. Alasiri moja aliwaomba wote watoke, akaniambia nilete kopo. Sikujua kwamba nilikuwa naletewa nafasi yangu ya mwisho. Au labda nilijua.

Hakuhesabu. Aliingiza vidole akalitoa lile moja bila kubabaika, akanishika mkono, akaniwekea kiganjani.

"Hili ni la nani, Agripina?"

"Lako, Bibi."

"Mimi nimekula muhogo maisha yangu yote. Hili limekula majani."

Nilisikia sauti ya mama yake Somoe nje akitwanga, tena anatwanga taratibu ili asimsumbue mgonjwa. Bibi alikuwa ananisubiri. Hakuwa na hasira usoni, nami ningeweza kusema neno moja tu na yakaisha. Nikasema tena kwamba ni lake.

Akaninyooshea mkono wa pili, nikadhani ananipiga. Akaingiza kidole chake mdomoni mwangu, akaligusa jino langu jipya, akalifuata mpaka kwenye fizi.

"Limeota vizuri," akasema. Kisha akalichukua lile la mbuzi kiganjani mwangu, akalitia kwenye kopo, akafunga kifuniko. "Basi. Siku hiyo nikifufuka nitakuita. Uje unionyeshe linapokaa."

Alifariki siku ya tatu. Shangazi walimwosha, wakamvika nguo yake ya chama cha Wanawake Wakatoliki, na kopo likawekwa ubavuni mwake kama alivyoagiza. Jeneza lilikaa wazi sebuleni asubuhi nzima. Nilisimama karibu nalo kiasi cha kuweza kulifikia kopo kwa mkono, nikatazama mpaka wanaume walipokuja kufunika. Nilikuwa na miaka kumi. Watu wananiambia mtoto wa miaka kumi hana kosa, lakini mimi namkumbuka mtoto yule vizuri kuliko wao.

Sasa naishi Tingi, nami ni miongoni mwa wanawake wa Jumuiya wanaoitwa kuosha marehemu. Sikuichagua kazi hii kwa utakatifu. Namwosha mtu kidole kwa kidole, nyuma ya masikio, kati ya vidole vya miguu, na wenzangu huniambia Agripina fanya haraka, watu wanasubiri. Siwezi. Mwili wa mtu uliolala mbele yangu hauwezi kuniuliza kitu, kwa hiyo ndio hasa napaswa kuwa mkweli nao.

Namwamini Mwalimu Kosmasi sasa. Mungu hashindwi na gego, na Bibi hatafufuka na pengo wala na jino la mbuzi kwa sababu ya mtoto mmoja na mjusi wake. Hofu hiyo imeniisha. Nilichobaki nacho ni aibu, ile ile aliyoisema Bibi, ya kurudi kwa mwenyewe na kitu ulichokabidhiwa ukakiharibu. Yeye aliutunza mwili wake mpaka jino la mwisho. Mimi niliharibu maneno, mara mbili, kwa mtu aliyekuwa ameshika mkono wangu.

Mwaka jana niling'olewa gego Lindi. Daktari alikuwa analitupa, nikamwomba. Alicheka, akanifungia kwenye pamba. Nimelitia kwenye kopo la majani ya chai, na binti yangu nimemwelekeza mahali pa kuliweka siku yangu ikifika. Ananitania kwamba nimezeeka kabla ya wakati. Sijamweleza.

Maana Bibi alisema ataniita, na mwanamke yule hakuwa na tabia ya kusahau. Nitakwenda. Atanishika mkono, ataniuliza lile lililokula majani ni la nani, na safari hii macho yake yatakuwa yanaona. Jibu ni fupi, hata mtoto wa miaka kumi angeliweza. Huwa nalisema peke yangu nikiwa nachota maji ya kuoshea marehemu, ili ulimi uzoee.

Si lako, Bibi. Lako nililitupa mimi.