Kila Jumamosi Anamwita Mwalimu

Kiatu chake cha kushoto hakina kamba. Kamba yenyewe ameifunga kwenye chupa ndogo ya maji, na upande wa pili ameunga waya wa antena. Saa tatu na nusu asubuhi, katika bustani ya mjini, fundi redio mwenye miaka sitini na minne anairusha chupa juu ya tawi. Mara ya tatu inapita.

"Mzee, leo unampigia nani, malaika?" anauliza mlinzi wa bustani.

"Nimeshampata shemeji yako. Anasema urudishe sufuria yake."

Anakaa kwenye benchi, anaunganisha redio na betri ya pikipiki, anavaa hedifoni. Leseni yake ya redio anaiweka pembeni, palipo wazi.

"Naita, naita. Hapa ni fundi wa bustanini. Mwalimu, unanipata?"

Mikwaruzo tu.

Mwalimu ni mstaafu wa mji wa mbali. Kwa miaka kumi na moja walizungumza hewani kila Jumamosi saa nne, bila kuonana hata siku moja.

"Mke wangu alipofariki, watu walinipa pole wiki moja. Mwalimu alinipa pole mwaka mzima," anasema fundi.

Zamani alitengeneza redio kumi kwa siku. Sasa akipata mbili kwa wiki, anashukuru. Anaishi chumba kimoja katikati ya majengo, na huko redio inasikia kelele za umeme tu. Ndiyo maana huja bustanini.

Kinachomuuma ni Jumamosi moja, miezi minane iliyopita. Dakika tano kabla ya saa nne, aliitwa kwenye ofisi ya bustani akaonyeshe leseni. Alimvisha mfagiaji wa bustani hedifoni, akamwambia asikilize tu.

"Nilichelewa robo saa. Nikamuuliza, 'Binti, kuna aliyeita?' Akatikisa kichwa. Tangu siku ile sijamsikia Mwalimu. Labda aliita, akaona nimemsusa. Ningewaambia wanisubiri! Leseni ingekimbilia wapi?"

Anafuta redio kwa kiganja, ingawa haina vumbi.

Mpango wake ni kununua waya mwingine, mita kumi. "Huenda sauti yangu haimfikii. Nikiurefusha, atanisikia. Nitamwita mpaka aitike."

Mfagiaji yule ni mimi ninayeandika habari hii. Mwalimu aliita. Alisema, "Kama fundi yuko karibu, aambiwe leo nauza redio yangu, nahamia kwa mwanangu. Asinisubiri. Na nimemshukuru sana." Sikujua nibonyeze wapi nijibu, nikaona aibu. Fundi aliporudi anahema, jasho linamtoka, aibu ikazidi, nikatikisa kichwa. Kila Jumamosi nafagia karibu na benchi lake, na kila Jumamosi nanyamaza.

Baba, nisamehe. Alikuita mara tatu kabla hajaaga.