Mstari wa Majivu Kyebando

Juzi niliona vijana wa manispaa wakipima mtaro, nikakumbuka harufu ya majivu yaliyolowa. Andika, mjukuu wangu, wala usipambe.

Siku hizo za utawala wa jeshi, watu waliogopa kukusanyika. Hata hivyo, alasiri ile majirani wote wa bonde letu la Kyebando walitoka, kwa kuwa mpimaji wa jiji alikuja kutafuta njia ya mtaro wa mafuriko, na ramani yake ilipita juu ya nyumba zetu. Mama alimwomba atembee nao. Kisha Mama akamwaga majivu ya jikoni pale maji yalipozoea kupita, nyuma ya vyoo, na wenzake wakauendeleza mstari.

Mimi, mtoto mdogo wakati huo, nilidhani majivu yanaonyesha nyumba za kubomolewa, kumbe ndiyo yaliyokuwa yakiziokoa. Nikaketi mlangoni na fagio mkononi.

"Afande, leo unalinda nini?" jirani yetu Mama Okello akanitania.

"Nyumba yetu. Sitoki!"

Mpimaji aliufuata mstari hadi kinamasini, akarudi na matope magotini. "Tutapitisha hapo. Ninyi chimbeni, jiji litaleta mawe."

Vigelegele vilijaa bonde zima. Baba, aliyekuwa polisi, alivua shati la kazi akashika jembe. Nyumba zote zilibaki. Hii unamoandikia ni mojawapo.