Kanjo Ndani ya Kompyuta

Akina mama mboga wa Umoja, mnisamehe. Aliyewakimbiza Ijumaa ni mimi.

Nauza mitumba kando ya barabara, na kanjo, wale askari wa jiji, wameninyang'anya mzigo mara nyingi hadi nikiona sare tu natoka mbio. Ndipo Njeri wa saiba mpya, lile duka la kompyuta na intaneti mbele ya vibanda vyenu, akanionyesha mji ulio ndani ya kompyuta, ambako kila mtu ni katuni inayotembea na kuuza vitu. Nikafungua kibanda huko, nikatundika kofia za kuchorwa. Nikajiambia, huku nani atanifukuza?

Mara katuni tatu zenye sare zikatokea kwenye kona, zikaja moja kwa moja kwangu. Nikakimbilia mlango wa saiba nikapiga mayowe, "Kanjo! Kanjo!" kisha nikajitupa chini ya meza.

Nje watu wakatawanyika, nyanya zikamwagika mtaroni.

Baadaye Mama Otieno, mwenye nyanya, akaingia akihema, kiatu kimoja mguuni. "Wako wapi?"

Njeri akageuza skrini. Zile katuni bado zilikuwa zimesimama kibandani kwangu.

"Ni hawa," akasema. "Wanauliza kofia ni pesa ngapi."