Mwenyewe Hajaonja

Mwaka jana nilifika Bourgogne, Ufaransa, kwenye mashamba ya mizabibu. Nilibembeleza langoni hadi nikaingia kwa bei ya mwanafunzi, nikahesabu glasi za kuonja mara mbili nisipunjwe, halafu zilipojazwa sikunywa. Mtembeza wageni akadhani divai yao siipendi. Kumbe nilikuwa namsubiri yeye atangulie. Ndugu yangu, hayo ni malezi ya Bibi.

Tulikaa St Marys, pembeni mwa Sydney, Australia, na mzee jirani alitoka hukohuko Bourgogne. Alipanda mizabibu nyuma ya nyumba, akitutembeza humo sisi watoto kama wageni wa kijijini kwao: hapa kanisa, hapa ghala la divai la baba, inama, mlango mfupi. Tuliinama. Jioni yeye na Bibi waliegemea uzio wa mbao wakipiga Kifaransa, cha Bibi kikiwa cha Bujumbura.

Mwaka wa kwanza wa korona, zabibu zimeiva, gari la wagonjwa likamchukua mzee. Toka kwenye machela akamwambia Bibi, "Mama, zisiniozee."

Tukachuma zote. Bibi divai hakuijua. Alijua pombe ya ndizi ya kwao Burundi. Akazikamua kwa majani, akatia unga wa mtama wa kukaanga, akafunika pipa kwenye chumba cha kufulia. Likawa linanong'ona mchana kutwa, kama mtu aliye chumba cha pili. Bibi alilijibu: "Subiri, jirani."

Ilipoiva, mjomba akaja na kikombe.

"Mama, kidogo tu."

"Mwenyewe hajaonja."

"Si yuko hospitali, na kumwona hawaruhusu!"

"Basi nawe ngoja. Koo lako linawahi treni?"

Kwetu mwenye pombe hutangulia, wageni wajue haina sumu. Na zabibu zilikuwa za mzee.

Hakurudi. Binti yake alitueleza ng'ambo ya uzio, barakoa usoni; kuzika waliruhusiwa wachache, sisi hatumo. Jioni ile Bibi alijaza glasi, akaisimamisha juu ya nguzo ya uzio. Asubuhi ilikuwa tupu, wima vilevile. Nikasema ni posamu, wanyama wanaotambaa juu ya nyua za Sydney usiku. Nikakagua nguzo mara mbili. Hakuna alama ya kucha, hakuna tone.

Bibi akaleta vikombe. "Ameonja. Kunyweni."

Ilikuwa kali, ina ladha ya uji. Mjomba alikunywa machozi yakimtoka. Mimi nilipewa kijiko. Nikadai cha pili, nikanyimwa.

Bibi naye tumeshamzika. Mizabibu iling'olewa, pakajengwa nyumba mbili. Juzi nilipita pale. Uzio sasa ni wa bati, mwembamba kama kisu. Huwezi kusimamisha glasi juu yake.