Nimenadi Shupaza Nne Mbele ya Bwana Shauri

Jamani, sikilizeni yaliyonipata.

Leo, hapa Mbinga, Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, alikosa mtu wa nne wa kucheza briji. Akaniita mimi, karani wake, nishirikiane naye dhidi ya mapadri wawili wa misheni.

Hasira zake mnazijua. Karani aliyenitangulia alimuudhi kidogo tu, akahamishiwa kule ziwani.

Bwana akanadi shupaza moja, yaani akaahidi tushinde mizunguko saba kati ya kumi na tatu, shupaza ikiwa turufu.

Nikatazama karata zangu. Picha moja tu! Lakini shupaza ninazo tano, na kopa sina hata moja. Nikawaza: wakianza na kopa, tutawakata kwa turufu. Karata hizi si maskini.

Nikaahidi mizunguko kumi: "Shupaza nne."

Sheria ya briji, karata ya kwanza ikishatupwa, mwenzi wa anayecheza hulaza karata zake wazi mezani, na anayecheza huzicheza zote. Padri mmoja akaanza na ree ya kopa, nami nikazilaza. Bwana akaiva kama pilipili.

"Karani! Umenadi nne kwa karata hizi?"

"Ndiyo, Bwana." Nikaiona Mbinga inaniaga.

Bwana akaikata ree ile kwa kishupaza changu kidogo. Akaendelea hadi mwisho, tukashinda.

Nikadhani nimepona. Akanishika bega.

"Kesho uje tena. Na kila Jumamosi."

Ndugu zangu, mtu huyu anakataliwaje?