Chewa wa Baba

Baba yangu watu walimbandika jina Wapo. Ukimuuliza habari za samaki wakubwa, hata kama amerudi na ndoo tupu, jibu lilikuwa moja: "Wapo, wamejificha tu." Walimcheka, naye akacheka nao. Mbishi yule angebishana hata na mawimbi.

Walipokuja wenye mradi wa mitambo ya umeme wa upepo baharini, sheria iliwataka kwanza wachunguze samaki wa eneo lile. Wakikuta wakubwa wanaozaa, mitambo ingehamishiwa kwingine. Wakiwakosa, wangejenga palepale baba alipovua tangu ujana wake. Wakamwajiri awe nahodha wa boti ya uchunguzi, na mimi wakaniweka maabara, kupasua vichwa vya samaki. Kichwani mwa samaki mna kijiwe chenye miviringo, na miviringo ndiyo umri wake. Msimu mzima nilipasua samaki wachanga tu, mzazi hata mmoja sikumwona. Jioni baba akiniuliza, "Vipi leo, mama?" nilikuwa naona haya kumjibu.

Wiki ya mwisho, kwenye kreti la boti yake, nikamkuta chewa wa kubebwa na watu wawili. Sijui kama nilicheka au nililia. Miviringo ilikuwa mingi hadi nikapotea kuhesabu. Nikampasua tumbo nitafute mayai, vidole vikagonga barafu. Barafu ya botini hupoza tu, haigandishi samaki hadi kwenye uti wa mgongo. Huyu alikuwa amelala kwenye friza la duka, tena siku nyingi. Njia ya mwongo ni fupi, na hii iliishia vidoleni mwangu.

Baba alikuwa nje, ananawa miguu bombani.

"Baba, yule chewa umemnunua wapi?"

Nilimwomba Mungu abishe. Hakubisha.

"Mjini. Kwa wale wanaouza samaki wa meli za nje."

"Na wa kwetu?"

"Wa kwetu, mwanangu, mara ya mwisho kumwona mkubwa wewe hujazaliwa." Akafunga bomba. "Sasa mkiandika hamna kitu, mimi maisha yangu yote nilikuwa navua nini?"

Nikarudi ndani, nikamtoa chewa kwenye hesabu, na kwa mkono wangu mwenyewe nikawapa wenye mradi bahari ya baba.